Maharage, Viatu na Kidole Gumba cha Mama

Maharage yaliondolewa mezani nyumbani kwetu Mbuba kwa sababu ya kidole gumba cha mguu wa kulia wa Mama. Aliyetoa amri ni shangazi, dada mkubwa wa Baba. Alikuja Jumapili moja kutoka Rulenge, akamkuta Mama kibarazani ameupumzisha mguu juu ya kigoda, akaiinamia ile nundu iliyotokeza pembeni pale kidole gumba kinapoanzia. Ilikuwa nyekundu na ngozi yake inang'aa.

"Wifi, hii ni gauti," akasema. "Jirani yangu ilimshika hapohapo. Acha nyama, acha dagaa, acha maharage."

Nyama haikuwa tabu, kwa kuwa kwetu huliwa mara chache. Dagaa nao hutoka Ziwa Viktoria, mbali na hapa. Lakini maharage! Wilaya ya Ngara ni nchi ya ndizi na maharage. Tunayapanda mvua za vuli, tukiyavuna tunajiandaa kuyapanda tena za masika. Mtoto wa Mbuba hajui jioni isiyo na sufuria ya maharage mekoni. Mama mwenyewe, tangu astaafu ualimu, shamba lake la bondeni lilikuwa la maharage, na mbegu alizichagua moja moja kwenye ungo. Sasa akawa anatupikia ndizi na mchicha, kesho ndizi na nyanya chungu, keshokutwa ndizi na mchicha. Baba akahamishia chakula chake cha jioni kwa mdogo wake. Watoto wakanung'unika. Mama hakunung'unika, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu alikuwa anavumilia njaa ya kitu anachokipenda kwa tumaini la kupona, na mguu ulizidi kuuma vilevile.

Maharage yaliposhindwa, akaitwa mzee wa kukanda viungo. Huyu ni mtu wa kuheshimiwa. Vijana wangapi wameteguka kifundo mpirani, naye amewarudisha uwanjani kwa mikono yake na mafuta ya moto! Alimkalisha Mama, akashika kidole gumba, akakivuta kirudi kwenye mstari wake. Kilirudi. Alipokiachia, kikaegemea tena vidole vyenzake. Akakivuta tena kwa nguvu zaidi, na safari hii Mama, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akipiga kelele kwa maumivu, alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Usiku ule mguu ulivimba ukashindwa kuingia hata kwenye ndala. Maji ya kisima yakachotwa na mjukuu, kuni zikaletwa na Baba, na mimi nikaingia jikoni.

Hali ikawa hivyo mpaka harusi ya mdogo wangu wa mwisho ikakaribia.

Mdogo wangu anafanya kazi Mwanza. Alimpenda Mama kwa namna ya watoto waliolelewa na mwalimu: alitaka siku hiyo Mama ang'ae. Akamletea gauni la kitenge lililoshonwa na fundi wa mjini, kilemba chake, na viatu vya mchuchumio vyenye ncha ya mbele iliyochongoka. Mama alivitazama kwa muda, akasema ahsante mwanangu, akaviweka chini ya kitanda. Usiku wa kuamkia harusi Baba alivitoa, akachukua wembe, akakata upande wa ndani wa kiatu cha kulia tundu la kutosha kupitisha nundu. Alifanya hivyo kwa taa ya simu ili asimwamshe mtu. Asubuhi mdogo wangu alipokiona kile kiatu alilia, Baba akasimama mlangoni na wembe bado mfukoni, akisema, "Nilitaka mama yenu atembee."

Mama alivivaa. Kanisani alisimama kwa wimbo wa kwanza tu. Ukumbini, ulipofika wakati wa wazazi wa bibi harusi kwenda mbele kutoa zawadi, mshereheshaji akaita mara ya kwanza, Mama hakunyanyuka. Akaita mara ya pili. Muziki ukawekwa upya. Baba alikwenda peke yake, akacheza kwa hatua fupifupi za mtu anayetazama nyuma, na upande wa wakwe ukanyamaza. Kwa watu wetu, mama asiyenyanyuka siku ya harusi ya binti yake ametoa hukumu juu ya ndoa hiyo. Nikaona wanaume watatu wa ukoo wa bwana harusi wakisogea kuteta. Muda si mrefu ukaja ujumbe mezani kwetu: wazee wanaomba kujua kama kuna neno halijamalizika, kama mahari ina kasoro, kama kuna aliyekosewa.

Mama alijibu kwamba hakuna neno. Hawakuamini. Ndipo akaja mama yake bwana harusi mwenyewe, akavuta kiti, akainama chini ya meza kuona kwa nini mkwewe ameukunja mguu. Akaona kile kiatu kilichokatwa. Hakusema kitu. Akavua kiatu chake cha kushoto, akaweka mguu wake kando ya mguu wa Mama, na nundu yake ilikuwa kubwa kuliko ya kwetu. Wakakaa hivyo, wanawake wawili wenye vilemba, miguu mitupu chini ya meza iliyotandikwa vitambaa vya hariri, wakicheka mpaka machozi yakawatoka. Ndoa ikapata amani yake. Mkwe yule ndiye aliyesema, "Dada, usikubali kuvutwa kidole tena. Nenda hospitali ukaulize. Mimi nilikwenda, nikaambiwa mambo ambayo ningeyajua ningali kijana nisingefika hapa."

Tukaenda Ngara mjini, Mama, Baba na mimi, kwa gari la abiria lililojaa magunia. Mama alijua foleni za hospitali, kwa hiyo alibeba kadi yake ya bima, chupa ya chai, na, kwa kuambiwa na yule mkwe, mfuko wenye jozi zake zote za viatu. Ushauri huo wa viatu nautoa kwa yeyote mwenye mguu unaouma. Daktari anayeuona mguu bila viatu vyake ameona nusu ya habari.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana wa kiume, umri wa kaka yangu mdogo. Aliposoma kwenye cheti kazi aliyofanya Mama, akasimama kidogo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

"Mguu unasumbuaje?"

"Si sana, Daktari. Uzee tu."

Nimeona wazee wetu wengi wakifanya hivi, na kila mara moyo unaniuma. Njiani kote Mama alikuwa ameng'ata kanga kila gari lilipoingia kwenye shimo. Amefika mbele ya mtu mmoja mwenye elimu ya kumsaidia, anamwambia si sana. Wanaona aibu kulalamika mbele ya kijana, wanaogopa kuonekana wanadeka, na daktari mwenye foleni ya watu arobaini nje huandika "maumivu kidogo", anatoa panadoli, wanarudi nyumbani. Baba ndiye aliyeivunja ile adabu.

"Daktari, samahani. Mwalimu hasimami ibada nzima. Usiku anaamka kuukanda mguu. Shamba la bondeni ameliacha tangu mwaka jana, na lile shamba ndilo roho yake."

Daktari akaweka kalamu chini. Swali lililofuata sikulitegemea: "Mwalimu, niambie kazi ulizokuwa unazifanya ambazo sasa mguu unakuzuia."

Mama akafikiri. Kushuka bondeni, akasema. Kupanda na ndoo. Kusimama kwenye kwaya. Kukaa kwa magoti kwenye shamba la vitunguu, kwa sababu vidole lazima vikunjwe. Alivyozitaja moja baada ya nyingine niliona anashangaa mwenyewe jinsi orodha ilivyokuwa ndefu.

Akaombwa avue viatu, asimame, kisha atembee peku hadi dirishani na kurudi. Daktari akapiga magoti sakafuni. Akagusa nundu kwa mgongo wa kiganja kuona kama ina joto, akakipandisha na kukishusha kidole gumba akisikiliza kama kiungo kinasaga, akatazama unyayo na kuonyesha sugu nene chini ya kidole cha pili. "Hapa ndipo uzito ulipohamia," akasema. "Kidole gumba kilitakiwa kubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili kila unapopiga hatua. Kimejiengua, sasa jirani yake anabeba." Kisha akatafuta mapigo ya damu juu ya mguu, na kumtoboa Mama ncha ya kidole cha mkono kupima sukari, maana mguu wa mwenye kisukari huogopwa kuliko mwingine, kidonda chake hakitaki kupona na mwenyewe huenda asikisikie.

Ndipo Baba akauliza lile lililokuwa limemsumbua. "Na gauti?"

Daktari akamgeukia Mama. Je, kuna usiku wowote kidole kililipuka ghafla, kikawa cha moto, hata shuka ikikigusa haivumiliki, halafu baada ya wiki moja au mbili maumivu yakaisha yenyewe? Hapana, Mama akasema, hii imekua polepole, miaka na miaka. Basi hiyo si tabia ya gauti, ingawa gauti nayo hupenda kiungo hichohicho na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Akaagiza kipimo cha asidi ya yuriki kwenye damu. Majibu yalirudi ya kawaida.

"Kwa hiyo maharage?"

"Ale, Mzee. Hata angekuwa na gauti ningemwambia ale."

Nilitaka kulijua hilo vizuri, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa imefunga kwa ajili yake, na baadaye nikalitafuta. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12 kuona ni chakula gani kinawaletea gauti. Waliokula nyama nyingi na vyakula vingi vya baharini waliugua zaidi. Mboga na jamii ya kunde, hata zile zenye purini kwa wingi, hazikuongeza hatari. Maziwa ya mafuta kidogo yaliipunguza. Ninaliandika hapa kwa ajili ya kila mwanamke wa Ngara na Biharamulo aliyenyang'anywa sahani yake ya maharage kwa nia njema.

Picha ya eksirei ilipigwa Mama akiwa amesimama. Mpigapicha alitaka kumlaza, daktari akatuma neno kwamba asimame kwa miguu yote miwili, kwa sababu mguu usiobeba uzito huficha upindo wake. Tulipoirudisha, akaibandika kwenye taa na kutuita tusogee.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku zote nilidhani nundu ni mfupa ulioota, kitu kipya kilichoongezeka. Hakuna kilichoota. Ule mfupa mrefu wa ndani ya mguu, unaotoka katikati ya unyayo kuja kwenye kidole gumba, umehama kuelekea upande wa mguu wa pili, na kidole chenyewe kimeangukia upande wa wenzake. Nundu ni kichwa cha mfupa uleule aliozaliwa nao, kimesukumwa nje, na juu yake kuna kifuko cha maji kinachovimba kwa kusuguliwa na kiatu. Ndiyo maana kukanda hakukusaidia chochote. Mishipa inayokunja na kunyoosha kidole, ambayo zamani ilipita katikati, sasa inapita kando, na kila hatua inavuta kama ugwe wa upinde, ikizidi kukipinda. Daktari akachora mistari miwili kwa penseli na kupima pembe. Ya kawaida haizidi nyuzi 15. Ya Mama ilikuwa 34. Kati ya 20 na 40 wanaiita ya wastani, ikipita 40 ni kali. Jina lake la kitabibu, haluksi valgasi, lilitolewa na daktari mpasuaji Mjerumani, Carl Hueter, mwaka 1871.

"Mama yako mzazi alikuwa nayo?"

Mama akasema ndiyo, kidogo, ingawa bibi yetu alivaa viatu siku za kanisa tu. Daktari akatikisa kichwa kukubali. Umbo la mguu linalolegea kwa njia hii hurithiwa, na wanawake hulipata zaidi ya wanaume. Lakini urithi mara nyingi hungoja msaada, na msaada huo ni kiatu. Akaomba ule mfuko. Akachukua karatasi, akamwambia Mama asimame juu yake, akachora mguu wake kwa penseli kuuzunguka. Kisha akaweka juu ya mchoro kiatu kimoja kimoja. Vile vyeusi vya kazi, alivyosimama navyo mbele ya ubao zaidi ya miaka thelathini, vilifunika sehemu ya mguu tu, na pande zote mbili mstari wa penseli ulibaki nje. Cha harusi kiliacha zaidi. Hata kile chenye tundu la Baba. Hatukusema kitu sote watatu.

Uhusiano huu wa kiatu na kidole umepimwa kwa njia ambazo zinanigusa. Mwaka 1905 daktari wa Marekani, Phil Hoffmann, alichapisha maelezo ya jozi 186 za miguu ya watu wasiovaa viatu, Wafilipino na watu wa Afrika ya Kati waliopelekwa kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis ya mwaka 1904 wakawekwa watazamwe na umati. Kupelekwa kwao kule ni habari ya kutia hasira. Miguu yao hata hivyo ilitoa ushahidi: vidole vilinyooka na kutawanyika kama vya mtoto mchanga. Mwaka 1958 madaktari wa Hong Kong wakalinganisha Wachina wanaovaa viatu na wasiovaa. Kwa wavaao, asilimia 33 walikuwa na kidole kilichopinda. Kwa wasiovaa, asilimia 1.9. Na mwaka 2021 watafiti waliochunguza mifupa kutoka makaburi ya Cambridge, Uingereza, waligundua kwamba waliozikwa karne ya 11 hadi ya 13 walikuwa na nundu hii asilimia 6, na waliozikwa karne ya 14 na 15, wakati viatu vyenye ncha ndefu vilipokuwa fasheni, asilimia 27. Mama yangu hakujua kwamba kuna watu wa Uingereza walioteswa na kiatu miaka 600 kabla yake. Alivaa vile viatu vyeusi kwa kuwa mwalimu wa zama zake alitakiwa aonekane mwalimu.

"Sasa tunafanyaje?" Baba akauliza. "Si mnakata tu hiyo nundu?"

Hapo mazungumzo yakawa marefu, na namshukuru yule kijana kwamba hakutukimbiza. Akasema kwanza kwamba hakuna kifaa wala dawa itakayokinyoosha kidole cha mtu mzima kikabaki kimenyooka. Kile kipande laini cha silikoni cha kuweka katikati ya kidole gumba na cha pili, na lile banzi la kufunga usiku, hutuliza maumivu, na mtu akivitoa kidole hurudi kilipokuwa. Anayeuza akiahidi zaidi ya hapo asipewe hela. Kinachosaidia wengi ni kiatu: kipana mbele, kirefu kuliko kidole kirefu, kisigino kifupi, ngozi laini isiyo na mshono juu ya nundu, na kamba au mkanda wa kukifunga ili vidole visilazimike kukishika. Ndala si jibu, kwa sababu hiyohiyo ya vidole kukamata. Pedi laini juu ya nundu. Maji baridi yanapovimba, na akaongeza mwenyewe kwamba maji ya mtungi yanatosha, barafu si lazima. Kuunyoosha msuli wa nyuma ya muundi kila asubuhi, na kuokota kitambaa sakafuni kwa vidole vya mguu.

Mama akatoa kwenye mkoba kifurushi cha diklofenaki alichokuwa akinunua duka la dawa. Daktari akakishika kwa muda. Akauliza anameza mara ngapi. Kila siku, Mama akasema, wakati mwingine asubuhi na jioni. Na presha? Anayo, na anameza dawa zake. Akamweleza kwa upole lakini bila kuzunguka: dawa hizi zikimezwa mfululizo huchubua tumbo, huumiza figo na kuipandisha presha anayoipigania. Kwa siku za maumivu makali ameze parasetamoli kwa kipimo, au apake jeli ya kutuliza maumivu juu ya nundu. Kama tusingepata chochote kingine siku ile, hilo pekee lilitosha kulipia nauli.

Kuhusu upasuaji alisema kwamba mguu haupasuliwi kwa ajili ya sura yake. Hupasuliwa pale maumivu yanapomzuia mtu kuishi na viatu sahihi vimeshindwa. Kukata nundu peke yake ni kukata dalili, mfupa ulioegemea unabaki umeegemea na nundu inarudi. Njia zilizoandikwa ni zaidi ya 100, na nyingi zinazotumika leo hukata mfupa mrefu, kuusogeza mahali pake na kuufunga kwa skrubu ndogo. Hatari zipo: usaha, ganzi ya kudumu pembeni mwa kidole, kiungo kukakamaa, damu kuganda, na wakati mwingine upindo kurudi. Kwa kazi hiyo angempa rufaa kwenda kwa wataalamu wa mifupa, Bugando kule Mwanza, au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Mama alisikiliza yote haya mikono ikiwa mapajani, kisha akauliza swali lake moja. "Nikikatwa, nitashuka bondeni lini?"

Daktari akahesabu kwa sauti. Wiki 6 mfupa unaunga, na muda huo atatembea kwa kiatu maalumu kigumu, akikanyagia kisigino. Hakuna jembe, hakuna ndoo, hakuna pikipiki. Mteremko wenye mzigo, miezi 3 kama yote yamekwenda vizuri. Uvimbe unaweza kubaki nusu mwaka, hata mwaka mzima.

Baba alikuwa anatazama dirishani. Najua alichokuwa anakihesabu.

Kikao cha nyumbani kilifanyika Jumapili iliyofuata, na shangazi akaitwa. Alipoambiwa kwamba haikuwa gauti alinyamaza, akasema, "Wifi, nilikukosesha chakula chako." Mama akamshika mkono. Kisha tukaanza kazi ngumu ya kuupanga mwaka kuzunguka mguu mmoja. Upasuaji usiguse vuli, kwa kuwa maharage yanapandwa. Usiguse masika. Unabaki mwezi wa sita hadi wa nane, kiangazi, wakati shamba limelala. Lakini kiangazi ndicho kisima kinakuwa mbali zaidi, nani atachota? Mdogo wangu akasema kwenye simu kwamba Mama afikie kwake Mwanza, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, na foleni ya kivuko haipo tena. Shangazi akasema kama ni kiangazi atahamia Mbuba yeye mwenyewe, mpaka mfupa uunge. Baba akasema ndoo ataibeba yeye, na mtu akicheka acheke.

Mama aliwaacha watu wote waseme, kama alivyowaacha wanafunzi wake. Akasema atajaribu viatu kwanza, mwaka mmoja kamili, na barua ya rufaa ataiweka kwenye sanduku pamoja na vyeti vyake. Viatu vikishindwa, kiangazi kinachofuata ataikunjua.

Kwenye mitumba tulimpatia raba za kiume, pana mbele, za kamba. Alizivaa mpaka kanisani, na gauni la kitenge juu yake, na mdogo wangu alipoona picha alipiga simu kulalamika. Mama akamjibu kwamba amesimama nyimbo zote nne. Nundu iko palepale na pembe haijapungua hata nyuzi moja. Uwekundu umekwisha, diklofenaki imekwisha, na anashuka bondeni kwa njia ndefu ya kuzunguka, akibeba mbegu badala ya ndoo. Sijui kama kiangazi kitamkuta akiikunjua ile barua. Yeye mwenyewe anasema mguu utasema.

Kilichomshughulisha zaidi ni mjukuu. Binti yangu yuko darasa la tano, na siku moja akinawa miguu Mama aliona kidole gumba chake kimeanza kuegemea vingine, kidogo sana, kama kilivyokuwa cha bibi yetu. Shule inataka viatu vyeusi vya kufunika. Jioni, kwa sababu mguu huwa umetanuka baada ya kutwa nzima, alimsimamisha kwenye ukurasa wa daftari, akachora, akakata mchoro kwa mkasi, na siku ya gulio akaenda nao mkobani.

Muuzaji alitoa jozi ya kwanza, nyeusi, inayong'aa, ya kike, imechongoka. Mama akauingiza mchoro ndani. Ukajikunja pande zote mbili.

"Bibi, vitapanuka akivivaa."

"Nipe vingine."

Vya pili vikajikunja upande mmoja. Vya tatu vilikuwa vya kiume, vipo chini kabisa ya gunia, butu mbele, kamba zake hazifanani. Mchoro ulilala ndani ukiwa umenyooka. Mtoto akavivaa, akatembea hadi kwa wauza mchele na kurudi, na Mama akainama akabonyeza ncha kwa dole gumba la mkono, akaona nafasi imebaki.

"Bei?"

"Elfu kumi na nane."

"Kumi na mbili. Na kamba nitanunua mwenyewe."

Wakakubaliana kumi na tano, kamba mpya zikiwemo.